Kizazi Kilichochimba Nyumba Ardhini

Ukifungua kitabu cha historia cha sekondari ukatafuta miaka ya 1800 hadi 1850, utakuta pwani imejaa watu. Sayyid Said anashika utawala Oman mwaka 1806, anatua Unguja mwaka 1828, mikarafuu inapandwa, Wamarekani wanatia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, pembe za ndovu zinashuka kutoka bara. Bara ipi, kitabu hakina haraka ya kusema. Karatu na Ngorongoro zinasubiri hadi Machi 1892, siku Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na kamati ya Wajerumani, alipofika kwenye kreta. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi. Nilikuwa nawaona wanafunzi wa Kiiraqw, wa Kimaasai na wa Kidatoga, wote dawati moja, wakinakili majina ya masultani kana kwamba mababu zao walikuwa wamelala usingizi wakingoja Mzungu aje kuwaamsha.

Hawakulala. Nikiwaza maisha yao na ya kwetu, naona kwamba kizazi cha mwaka 1800 kilipinduliwa zaidi kuliko chochote kilichofuata, na namna kilivyojipanga upya ndiyo iliyotufanya tuwe tulivyo leo hapa nyanda za juu. Nasema hivi nikijua vijana watacheka. Wao wanadhani mabadiliko yalianza na lami ya kutoka Makuyuni na simu za kuteleza kwa kidole.

Tena si mbali kama tunavyodhani. Mtu aliyezaliwa mwaka 1800 katika vilima vya Kainam, kule Mbulu, alipata mwana, mjukuu, kitukuu na kilembwe; mimi nitakuwa kilembwekeza wake. Midomo mitano tu imepokezana habari hadi kunifikia. Majirani zetu Wamaasai wana hesabu safi kuliko yetu, maana wao wanahesabu kwa marika. Mkalishe mzee wa Endulen au Nainokanoka kivulini, mpe muda, atakurudisha nyuma hatua kwa hatua: Seuri, Nyangusi, Terito, Tareto, Tuati, Talala, Laimer, kisha Nyangusi wa zamani, Tuati wa zamani, Kidotu. Kila rika ni kama miaka 15 hivi. Ukifika kwa Kidotu umeshafika kwenye miaka ya 1820 bila kufungua kitabu.

Sasa, walikuta nini duniani watoto wa mwaka 1800? Kwanza walikuta kiu. Wanasayansi waliochimba tope la Ziwa Naivasha, huko Kenya, walisoma humo kwamba kina cha ziwa kilishuka sana kuanzia karibu mwaka 1760 hadi karibu 1840. Naivasha na sisi tuko kwenye bonde moja la ufa, na mawingu yetu ni ndugu. Miaka 80 ya mvua za kubahatisha! Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa asijue mvua nzuri ikoje ila kwa kusimuliwa.

Na chini ya milima hii hii ya Ngorongoro, upande wa mashariki, palikuwa na Engaruka. Waliokwenda wameona: kuta za mawe, matuta, mifereji ya maji iliyotoka kwenye mito inayoporomoka kutoka milimani, mashamba ya kiasi cha hekta 2,000. Kilimo kile kilianza karne ya 15. Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 19 hapakuwa na mtu. Hakuna kabila linalosimama hadharani na kusema ‘sisi ndio tuliojenga’. Wapo wanaowataja Wasonjo kwa sababu nao ni mabingwa wa mifereji, wapo wanaotutaja sisi Wairaqw kwa sababu ya matuta na samadi. Mimi sitagombania. Kinachonigusa ni kwamba kizazi kile kilipita pembeni ya mji uliokufa. Mchungaji aliyenywesha ng'ombe wake pale aliona kuta, akaona mifereji mikavu, akajua kwamba hata watu wenye akili na bidii kiasi kile wanaweza kushindwa wakafunga virago. Ni somo ambalo kizazi changu hakikulipata. Sisi tulikua tukiambiwa kwamba kila kitu kinakwenda mbele.

Juu, ndani ya kreta, walikuwa Wadatoga. Jambo hili watalii hawaambiwi sana, kwa sababu picha ya Ngorongoro wanayouziwa ni ya shuka nyekundu na simba. Kabla ya Wamaasai, malisho ya kreta na ya mbuga za magharibi yalikuwa ya Wadatoga, na kwa mfugaji wa zama za ukame hapakuwa na mahali bora pa kukaa. Sakafu ya kreta ni kilomita za mraba zipatazo 260, imezungukwa na kuta zenye kimo cha mita 600 hivi. Chemchemi hazikauki upesi, udongo una chumvi ambayo ng'ombe wanailamba mpaka unawashika pembe kuwaondoa, na misitu ya kingoni inakamata ukungu hata mwaka ambao mvua imegoma. Mwenye kreta kiangazi alikuwa na uhai. Ndiyo maana ikapiganiwa.

Wamaasai walikuja kutoka kaskazini kidogo kidogo, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wakaitwaa. Habari za vita hivyo zinasimuliwa pande zote mbili, na kama ilivyo kwa vita vyote, kila upande una mashujaa wake. Mimi nisiyekuwa Mmaasai wala Mdatoga naona kitu kimoja: Wamaasai walikuwa na chombo ambacho majirani zao hawakuwa nacho kwa ukubwa ule, yaani rika. Vijana wa boma hili na boma lile, ambao hawakuwa ndugu wala hawakujuana, walitahiriwa kipindi kimoja, wakapewa jina moja, wakaishi pamoja kama morani na kutii oloiboni mmoja, yaani kiongozi wao wa tambiko. Ukichokoza boma moja umelichokoza rika zima. Wadatoga walikuwa mafundi wa mkuki na wanaume kweli kweli, lakini koo zao zilitawanyika. Wakateremka kuelekea Ziwa Eyasi, Mbulu na Hanang, na kwenye nyanda za kusini.

Waliacha makaburi. Katika msitu wa Lerai, ndani ya kreta, kuna mahali ambapo Wadatoga wanasema amelala mkubwa wao mmojawapo, na hadi sasa wazee wao huenda pale kutambika. Ili uelewe uzito wa jambo hilo ni lazima ujue Mdatoga anavyomzika mzee aliyeheshimika. Hafukiwi kisha watu wakaenda zao. Wanamjengea bung'eda: kichuguu cha udongo na miti kinachoinuliwa taratibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka kinapita kimo cha mtu. Kazi inaendelea kwa miezi, wakwe na watani wanakuja kutoka mbali, asali inakusanywa kwa pombe, na siku ya mwisho koo zinakutana kwa mamia. Kwa kipindi hicho chote kaburi ni mahali pa kupatanisha magomvi, kutafuta wachumba na kudaiana ng'ombe. Basi kuondoka kwenye kreta hakukuwa kuacha malisho tu. Ilikuwa ni kuyaacha makaburi hayo mikononi mwa adui, na kuanza kuzika upya kwenye udongo ambao bado haukuwa na mtu wenu hata mmoja.

Na sisi? Wairaqw wa wakati ule tulikuwa wachache, tumebanana kwenye vilima vya Irqwar Da'aw, kule Kainam na Murray, kati ya msitu wa Nou na ukingo wa bonde la ufa. Pale ambapo leo pana mji wa Karatu, na benki zake na vituo vya mafuta na hoteli za watalii, palikuwa malisho na vichaka. Mwiraqw mwenye akili timamu hakupanda mbegu huku.

Nyumba ya Mwiraqw wa zama zile nimeingia utotoni, maana zilibaki chache, na vijana wakiniuliza ninawachorea mavumbini. Unachagua mteremko. Unachimba ubavu wa kilima mpaka upate ukuta wa nyuma wa udongo wenyewe, kimo cha mtu na zaidi. Mbele unasimamisha miti, katikati unaweka nguzo zenye panda, juu unalaza boriti, fito, majani, kisha unarudisha ule udongo uliouchimba. Paa linakuwa sawa na mgongo wa kilima na majani yanaota juu yake. Mpita njia anayekuja kutoka juu anaweza kutembea kichwani mwako asijue. Mlango ni mdogo, unaingia umeinama, na mwenye kuingia ameinama kwa shari hana ujanja. Ndani ni giza, moshi unakuwasha macho, na jambo la kwanza unalolisikia ni kupumua kwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wanalala humo humo. Wao ndio waliotia joto usiku wa baridi ya Kainam. Asubuhi samadi yao inabebwa kwenda shambani hatua chache kutoka mlangoni. Mtoto alikua akijua harufu ya kila ng'ombe kabla hajajua majina ya shangazi zake.

Sisi wenyewe tumezoea kueleza kwamba tulichimba kwa kuwakimbia Wamaasai, kwamba tulizingirwa juu ya vilima na ndiyo maana tukajifunza kulima kwa matuta na kutia samadi. Ni hadithi tamu, na ndiyo iliyonilea. Mtafiti wa Kiswidi, Lowe Börjeson, aliichunguza historia ya kilimo chetu katika kitabu chake cha mwaka 2004, na aliitilia shaka. Hoja yake ni kwamba kilimo kile kilijengwa pole pole, mtu mmoja akiongeza tuta leo na mwingine akilitengeneza mwakani, na kwamba watu walivutwa kuja pale kwa sababu palikuwa pazuri. Nimeitafakari hoja hiyo na ninaikubali nusu. Hofu ya wizi wa mifugo ilikuwapo, nyumba inakwambia. Lakini hofu haimfundishi mtu kulima. Anayejificha tu hapandi mtama wa mwaka ujao, hagawi mbegu, wala hachagui fahali wa kupandisha. Mababu zetu walikuwa wanaishi, na kujificha ilikuwa mojawapo ya kazi za nyumbani.

Na kazi nyingi za nyumbani zilikuwa za wanawake. Mtama na ulezi vilisagwa kwa jiwe, mama amepiga magoti, kila siku ya Mungu, kabla ya ugali na kabla ya pombe. Leo pale Karatu mashine ya kusaga inamaliza debe kabla hujamaliza kusalimiana na mwenye mashine. Nikiulizwa ni mabadiliko gani makubwa yaliyotokea tangu enzi zile, sitataja serikali. Nitataja mashine ya kusaga. Wanahistoria wanaume hawaitaji sana.

Jambo ambalo naliona kubwa kuliko nyumba ni namna vilima vile vilivyopokea watu. Ukimwuliza Mwiraqw asili ya ukoo wake, mara nyingi atakuambia babu wa kwanza alitoka kwingine: huyu kwa Wadatoga, yule kwa Wamaasai, mwingine kwa watu wa kusini-magharibi kuelekea Iramba na Ihanzu. Mtu alifika amepoteza mifugo, au amemkosea mkwe wake, au njaa imemtoa. Wazee wa aya, yaani eneo lile, walimsikiliza. Akikubaliwa alionyeshwa pa kulima. Jirani alimkopesha ng'ombe: maziwa na samadi vya mlezi, ndama na ngozi vya mwenyewe, na urafiki wa kudumu kwa wote wawili. Mzee mwenye ng'ombe 10 alipenda 6 walale kwa watu wengine, vilima tofauti, ili ugonjwa au wezi wakija wasimkute na kila kitu mahali pamoja. Hapakuwa na mtawala wa kumwamuru afanye hivyo. Wairaqw hatukuwa na mfalme wala jeshi. Tulikuwa na kikao cha wazee, na baada ya kikao slufay, ile dua ndefu inayosemwa na mzee mmoja kwa ufundi mkubwa huku wengine wakiitikia, ikiomba mvua, mifugo, watoto na amani na majirani. Adhabu kali kuliko zote ilikuwa kutengwa. Kwa watu wanaoishi kwa kukopeshana, kutengwa ni kifo cha pole pole.

Sisemi ilikuwa pepo. Mtu aliyeingia kwenye meta, ile hali ya kuwekwa kando baada ya kifo au balaa fulani, angeweza kukaa muda mrefu bila jirani kuvuka kizingiti chake, na wapo walioonewa kwa njia hiyo. Watoto wengi walikufa. Na ukarimu wetu ulikuwa na hesabu ndani yake: kila mgeni aliyepokelewa alikuwa jembe moja zaidi na jicho moja zaidi la kulinda kilima.

Majembe yenyewe, tena, hatukufua sisi. Chuma kilikuwa kazi ya wahunzi wa Kidatoga, ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo Mdatoga aliyeiba ng'ombe wako mwezi uliopita alikuwa wa kabila moja na yule atakayekufulia jembe mwezi ujao. Kule Eyasi, Wahadzabe walileta asali na nyama wakapewa chuma cha kuchongea mishale. Chumvi ilitoka kwenye maziwa ya magadi. Hiyo ndiyo biashara iliyokuwapo, bila msafara wa pwani kutia mguu. Pembe za ndovu za akina Sayyid Said zilipita zaidi njia za kusini, na Umasai wafanyabiashara waliuogopa kwa miaka mingi. Kuchelewa huko kulituepushia minyororo ambayo wenzetu wa njia za Tabora na Ziwa Nyasa waliivaa. Hapa hatuna budi kumshukuru morani, hata kama babu zetu hawakumpenda.

Washindi nao hawakustarehe muda mrefu. Watoto wa walioitwaa kreta walishuhudia homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka na ndui zikifuatana. Baumann alipoingia Ngorongoro mwaka 1892, aliowakuta wamejikusanya kwenye ua wa kambi yake walikuwa Wamaasai waliokonda kwa njaa, wanawake na watoto wakiokota chochote. Wengine walipanda Mbulu kuomba chakula, na wapo waliobaki, wakawa koo. Ndipo na sisi tulipoanza kuteremka. Babu yangu alitoka Kainam enzi ya Mwingereza, na wengi wa kizazi chake wakafungua mashamba Karatu, Rhotia, Endabash, mpaka miguuni mwa Oldeani walikokuwa walowezi wa kahawa. Tulilima vizuri, na tulilima kila mahali. Mdatoga aliyekuwa na njia ya ng'ombe akakuta ngano. Sisi tuliojivunia kupokea watu tukageuka watu wa kuweka mipaka, na ukweli huo wazee wenzangu hawapendi niuseme mbele ya wageni.

Mipaka ya serikali ikafuata. Hifadhi ya Serengeti ya mwaka 1951 ilimeza Ngorongoro. Mwaka 1959 zikatenganishwa, Wamaasai wakatolewa Serengeti na kupewa nafasi ya kuishi Ngorongoro pamoja na wanyama. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi sakafuni mwa kreta wakaondolewa. Mwaka 2022 yakaanza malori ya kuwahamisha Wamaasai kwenda Msomera, Handeni. Katika kila hatua nimesikia hoja ile ile barazani, minadani na redioni: nani wa asili, nani alitangulia, nani ni mgeni.

Ukirudi kwa kizazi cha mwaka 1800, hoja hiyo inakosa pa kushika. Mmaasai alikuwa ndiyo kwanza anafika. Mdatoga alikuwa anaondoka, naye alimkuta mtu alipokuja. Mwiraqw wa Kainam alikuwa mjukuu wa mkimbizi wa Kidatoga au anamwoza binti yake kwa mkimbizi wa Kimaasai. Engaruka ilikuwa tupu, na waliotoka huko pengine walikuwa wamekwisha kuwa sisi, au Wasonjo, au Wamaasai, kwa majina mengine. Mhadzabe peke yake ndiye angeweza kusema alikuwapo kabla ya wote, na yeye wakati huo hakumdai mtu hati.

Ndiyo maana naiona hoja ya nani alitangulia kuwa hoja mbovu, hata inapotolewa na watu wangu mwenyewe, hata inapotolewa kwa nia njema. Haki ya mtu kukaa mahali itafutwe kwenye maisha yake ya sasa: anakotegemea maji, walikozikwa watu wake, makubaliano aliyopewa yakaandikwa. Hayo yana ushahidi.

Kwa walimu wa historia wa Karatu na Ngorongoro nina ombi la vitendo. Engaruka ni safari ya siku moja kwa basi la shule, kupitia Mto wa Mbu. Wapelekeni wanafunzi wa Kiiraqw, wa Kimaasai na wa Kidatoga katika basi moja, watembee juu ya zile kuta, na kila mmoja apewe kazi ya kumhoji mzee wa kabila lisilo lake na kuandika alichoambiwa. Fanyeni hivyo mwaka huu, kwa maana wenye kuhesabu marika mpaka kwa Kidotu wanazidi kupungua.